Niliamkia Gari, Akaitikia Mama Mkwe

Mpendwa Bi Mardhiya, naomba uniokoe kabla mambo hayajaharibika kabisa, maana mke wangu Mwaija amerudi kwao Kerege na sababu ni gari, tena gari kuukuu, Fodi la mwaka 1924 nililolikuta shambani Mbegani kuku wanalitagia, na huo ndio mchezo wangu na rafiki yangu Saleh, kila Jumapili tunazunguka kutafuta magari ya zamani yaliyotelekezwa, tunayatambua miaka yake kwa rejeta, taa na njiti za magurudumu, na raha yake ni kuyaacha yalivyo, na kutu yake, na rangi yake ya kwanza, hata mikwaruzo ya magunia ya mbata, sasa hili langu linatembea na nimeliweka uani, na kwa kuwa limenizidi umri huwa naliamkia kila asubuhi, basi juzi nikatoka nikaligusa boneti nikasema, "Shikamoo, mkubwa wangu," nikasikia upande wa pili, "Marahaba, mwanangu," kumbe mama mkwe ameshafika kututembelea, amekaa nyuma ya gari anachambua mchele, uso umemkunjuka kwa furaha, na mimi kwa ukweli wangu nikamwambia, "Samahani mama, nilikuwa naliamkia gari."

Mama alimaliza mchele wake, akamchukua binti yake wakaondoka, na sasa ameniletea ujumbe kuwa Mwaija harudi mpaka gari lipakwe rangi kama magari ya watu, au liuzwe chuma chakavu. Nampenda mke wangu na nyumba haikaliki bila yeye, lakini nikilipaka rangi nitakuwa nimelizika. Nifanyeje?

Mwinshehe, Bagamoyo

*

Mwinshehe, pole, ingawa nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Wewe unayetambua mwaka wa gari kwa kuliangalia rejeta tu, ulishindwaje kumtambua mama mkwe nyuma ya boneti? Na hata kama hukumwona, nani alikutuma ueleze? Shikamoo ikishaitikiwa ina mwenyewe. Ulimpa mama wa watu heshima yake asubuhi, kisha ukamnyang'anya mbele ya sinia la mchele ukalirudishia bati. Mimi pia ningeondoka.

Usilipake rangi wala usiliuze. Mama hana ugomvi na kutu, anataka kujua mkubwa wa nyumba ile ni nani. Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala nunua doti ya kanga nzuri na halua, uende Kerege na hilo hilo Fodi lako na mikwaruzo yake. Zima injini mbali kidogo, ushuke, utembee kwa miguu mpaka kibarazani. Mkiyamaliza, mpandishe mama mbele, Mwaija akae nyuma, uwatembeze, na umwonyeshe mama ile rangi ya kwanza. Huenda akaikumbuka tangu usichana wake.

Kuanzia sasa gari liamkie kimoyomoyo.

Na pale kibarazani sema, "Shikamoo, mama." Akiitikia marahaba, nyamaza.