Leso kwenye Usukani

Jumanne

Nisamehe, Baba Achieng, nimekaa sana bila kukuandikia. Leo naandika humu daftarini kwanza, barua yako kesho.

Tangu gari litumbukie kwenye lile shimo la barabara ya Kangemi, usukani ulikaa upande hata gari likienda moja kwa moja. Leo gereji, fundi alilala chini ya gari kuzungusha tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, za pande zote mbili, mimi niushike usukani usicheze. Achieng, mapajani mwangu, akawa anauvuta.

"Mama, si umpe babake huyo!" fundi akasema kutoka chini.

"Babake yuko Doha."

Nikaufunga usukani kwa leso kwenye kiti, nikambeba mtoto.

Nimeendesha hadi kwetu Mountain View, usukani umenyooka. Nyumbani sikuwa na mtu wa kumwambia.

Bado nahitaji utume ule ufunguo wa pili wa gari ulioubeba, viatu vya Achieng namba sita, na tarehe ya kurudi. Tarehe, si "hivi karibuni".