Siku Gari la Memsahibu Lilipokataa Kuwaka

Shambani, upande wa Kitale

Kwa mke wangu mpenzi, Mama Nafula,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na watoto na wote walio hapo Bumula. Natumaini Nafula amepona kile kikohozi, na kwamba mmemaliza kulima ile sehemu ya chini kabla mvua haijawashinda. Mimi mwilini ni mzima.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Wanyonyi, mtu wa Mabanga ambaye tumefanya kazi pamoja hapa mpaka mkataba wake ukaisha. Nimemwomba akukabidhi kisha akae nje, asiseme neno. Sasa ukifika hapa, acha kusoma kwanza. Watoto waende kwa jirani, na shangazi yako aje akae karibu nawe. Nashukuru Mungu kwamba ulijifunza kusoma pale misheni, maana haya sikutaka uyasikie kwa mtu mwingine.

Mke wangu, Simiyu mdogo wako hayuko tena. Alikufa Jumanne, na tumemzika huku huku.

Pole sana. Najua utataka kujua yote, na mimi sitakuficha.

Mvua imekuwa kali sana huku, na njia ya kuteremka stoo imekuwa matope matupu. Asubuhi hiyo Simiyu alikuwa anaongoza ng'ombe wa mkokoteni uliobeba magunia ya mbolea. Kwenye mteremko mkokoteni ukateleza, ukawasukuma ng'ombe, naye akaruka kuwashika. Akaanguka mbele ya gurudumu. Likampitia kiunoni. Watu waliokuwa naye wanasema hakupiga kelele. Walimbeba juu ya mlango wa stoo, na nilipomwona nikadhani ameumia kidogo tu, kwa sababu damu haikuwepo. Lakini tumbo lilikuwa limeanza kuwa gumu, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Vitani nimeona watu wenye uso wa namna hiyo. Nilijua lazima afike hospitali ya Kitale upesi.

Bwana mwenye shamba alikuwa ameondoka na lori kwenda Eldoret. Lililobaki ni gari dogo la memsahibu mke wake, ambalo halikuwa limetoka tangu mvua ianze. Nilimwomba, na sitamsema vibaya, hakukawia. Alileta ufunguo mwenyewe na blanketi la kitandani mwake. Tukamlaza Simiyu kiti cha nyuma, tukijua tunaondoka mara moja.

Nikabonyeza stata. Injini ikaguna, ikanyamaza. Betri ilikuwa imelala kwa kukaa. Hilo halikunitisha, maana tunayo hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Njoroge mpishi, yule mtu wa Kiambu niliyekueleza, akaishika akazungusha kwa nguvu zake zote. Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki. Inazunguka tu kama jiwe la kusagia.

Mama Nafula, gari likikataa kuna mambo mawili ya kutafuta, mafuta na moto. Nilianza na mafuta kwa sababu wakati wa mvua mara nyingi maji huingia kwenye tangi. Nikafungua paipu pale inapoingia kwenye kabureta, petroli ikaja safi. Nikafungua kabureta, haikuwa na uchafu. Nikairudisha, Njoroge akazungusha tena. Kimya.

Kila alipozungusha, gari zima lilikuwa linatikisika, na Simiyu yuko ndani. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nikaenda dirishani nikamwambia tumtoe kwanza, tumrudishe nikishamaliza. Akanishika mkono wa shati.

"Shemeji, mkinitoa mtanirudisha tena," akasema. "Niache tu. Wewe tengeneza."

Nikarudi kwenye injini. Nikazitoa plagi zote, zilikuwa na unyevu. Memsahibu akazipeleka jikoni zikauke kwenye moto. Tulipozirudisha nilibakiza moja nje, nikaigusisha kwenye chuma nione kama inatoa cheche Njoroge akizungusha. Hakuna. Hapo nikajua petroli haina neno, shida ni moto, na muda wote ule nilikuwa nimeupoteza kwenye mafuta.

Nikafuata waya mmoja mmoja. Nikafungua kile kifuniko kinachogawa moto kwa plagi, ndani kulikuwa na jasho la maji. Nikafuta kwa kitambaa, nikajaribu, bado. Nikainama tena, na ndipo nikaona pointi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vilikuwa vimeota ukungu mweupe, kwa hiyo hata vikigusana moto haupiti. Kitu kidogo kuliko punje ya mtama. Sikuwa na msasa. Memsahibu akakimbia ndani, akaleta tupa yake ndogo ya kusugulia kucha. Nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Njoroge akazungusha, nikaona cheche ya buluu.

Gari likawaka. Kutoka nyuma nikasikia Simiyu akisema polepole, "Imekubali."

Nilimwambia ndiyo, imekubali, sasa tunaenda. Njoroge aliketi nyuma akampakata kichwa. Barabara unaijua jinsi ilivyo wakati wa mvua. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kwenda taratibu asiumie, nikawa sifanyi hata moja vizuri. Mwanzoni alikuwa anaongea. Aliuliza kama ng'ombe mmoja, yule mwekundu, alivunjika mguu. Nikamwambia hapana, ingawa sikujua. Akasema ana kiu. Baadaye nikamwuliza kama anaona miti ya mjini, hakujibu, na Njoroge naye hakusema kitu. Sikugeuka nyuma. Niliendelea kumwongelesha mpaka tukafika.

Kwenye mlango wa hospitali niliruka nje bila kuzima injini. Niliogopa ikizimika itakataa tena, na labda watasema tumpeleke mahali pengine. Daktari akaja na dresa wake, yule anayefunga vidonda, akaingiza kichwa ndani ya gari, akamgusa Simiyu shingoni na machoni. Kisha akatoka akanitazama.

"Zima gari," akaniambia.

Bwana aliporudi nilimwomba lori tumlete nyumbani. Alisema barabara ya Bungoma imekatika, na kazi ya kupanda haiwezi kungoja. Nikaomba ruhusa nije mimi peke yangu, akasema mpaka mbegu ziishe. Nikafikiria kuondoka hivyo hivyo, lakini wangenitafuta. Basi tulimzika nyuma ya kambi, penye kilima kidogo ambapo maji hayatuami. Watu wa kwetu wote walikuja, wakaimba zile nyimbo za kanisani. Nimepanda miti pande zote ili mahali pasipotee.

Sasa kuna jambo ambalo ni lako. Unajua mimi siwezi kuketi mbele ya mama mkwe nikamsimulia haya. Heshima hainiruhusu, na hata ingeniruhusu sijui ningeanzia wapi, maana mimi ndiye niliyemtafutia Simiyu kazi hii. Mwambie wewe. Mwambie mkokoteni ulimpitia, na kwamba alikuwa na watu wake, hakufa peke yake. Mwambie alikufa njiani tukimpeleka kwa daktari, maana ni kweli. Lakini kwamba alilala ndani ya gari lile akingoja, na jinsi lilivyokuwa likitikisika, hayo naomba yabaki kwangu na kwako.

Nisalimie baba mkwe, na umwambie nitakuja kusimama mbele yake mara nitakapoachiliwa. Nisalimie kaka yangu mkubwa, umwombe awasaidie kwa kuni na chakula cha watu wa matanga. Nisalimie mwalimu wa kanisa, atusomee maombi. Wabusu watoto.

Mama mkwe usimpe salamu zangu. Mshike mkono tu, kwa niaba yangu.

Ni mimi mume wako,
Wafula