Wa Kusimama na Bisibisi

Gerejini, 3 Februari

Kwa mwanangu Bisibisi,

Barua hii ina bahati kukufikia, maana anayeiandika ni mtu ambaye akipiga chafya mji mzima husimama. Sikutanii. Juzi nililala nusu siku kwa mafua, magari yakazunguka yamebonyea kama sufuria kuukuu, mpaka mkuu wa gereji akaja mwenyewe kitandani kunibembeleza. Mtu anayenyoosha bodi za magari kama mimi duniani hayupo. Aliyekuwepo alikufa kwa wivu.

Hujambo lakini? Kikohozi kimekuachia? Mama yako mzima, bibi yako mguu umepungua uvimbe, ulimi haujapungua. Mimi ni chuma, unanijua.

Najua una kinyongo kwamba sikuja Siku ya Kumbukumbu ya mwaka jana. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Ndipo likaletwa gari la mkubwa mmoja, jina lake siwezi kuliandika, limekunjika mpaka taa za mbele zinatazamana. Ningeondoka, serikali ingetembea kwa miguu. Na mwaka juzi ilikuwa nyuki, hilo tulishalimaliza.

Mwaka huu nakuja. Suti ninayo. Nitasimama upande wako uwanjani mpaka makamanda waulizane jenerali huyu katoka kikosi gani. Mwendo wa gwaride baba yako, Mungu amrehemu, nilimfundisha mimi mdogo wake, uani kwetu, kwa mti wa ufagio.

Soma kwa bidii. Mimi niliishia darasa la tano kwa sababu walimu waliniishia.

Wako,
Baba mdogo


Bwenini, 19 Februari

Shikamoo baba mdogo,

Natumaini u mzima na mafua yameisha, ili mji uendelee kutembea. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, kimehamia kitanda cha jirani.

Nimefurahi kusikia unakuja, ila nimeshafurahi hivyo mara mbili. Hapa shuleni sote ni watoto wa askari waliokufa kazini, kwa hiyo hakuna anayemwonea mwenzake huruma, na hilo ndilo zuri la hapa. Lakini siku hiyo moja kila mtoto husimama na mtu wa kwao wakati jina la mzazi wake likisomwa. Asiye na mtu hupewa mwalimu wa zamu. Tunamwita baba wa kuazima. Mwaka jana tulikuwa wengi wa kumgawana, akawa anahamahama kama mhudumu wa hoteli, na jina la baba liliposomwa yeye alikuwa kwa mwingine. Nikasimama na kivuli changu.

Mama nimemwomba. Anasema uwanja wa jeshi hataukanyaga tena, na simlaumu. Umebaki wewe.

Kuna sajini mmoja, alikuwa kikosi kimoja na baba. Huja Jumapili kuniangalia. Haongei sana. Ameniletea soksi, na amekaza mguu wa dawati langu uliokuwa unacheza. Anasema nikikosa mtu, yeye yupo. Majina tunayaandika mwisho wa Aprili kwenye karatasi ya matroni. Nijibu kabla ya hapo, baba mdogo, na usiniletee nyuki.

Mwanao,
Bisibisi


Gerejini, 2 Machi

Bisibisi mwanangu,

Salamu nyingi, nyingine umpe matroni. Hujambo, unakula? Barua yako niliisoma nikiwa chini ya lori, nikainuka kwa hasira nimesahau kwamba lori lipo. Kichwa kizima. Lori ndilo limebonyea.

Huyu sajini wa soksi ni nani kwetu? Mtu anakuja na soksi, kesho atakuja na kofia, keshokutwa utaniambia ndiye aliyekuzaa. Dawati hata mimi nakaza, tena kwa meno. Mimi ningekuwa zaidi ya sajini. Tulikwenda pamoja na baba yako kujiandikisha, wakanikataa, na unajua kwa nini? Daktari wao alinipima akashusha miwani. Akasema huyu tukimchukua vita itaisha mapema na wengine watakosa kazi.

Wenzako wakikuuliza habari za baba yako, waambie alizuia kifaru kwa mgongo huku anakula. Nilishakueleza vizuri, usiipunguze.

Jina la mtu usiandike. Niachie mimi. Nauliza jambo dogo tu, kwa ajili ya afya ya watoto wadogo: mwaka huu watapiga zile bunduki tena, au tarumbeta peke yake itatosha? Tarumbeta ni kitu cha heshima sana.

Baba mdogo wako, mwenye suti


Bwenini, 20 Machi

Shikamoo baba mdogo,

Kichwa hakijambo? Na lori je? Mimi mzima. Nimepanda nafasi katika hesabu, nimeshuka katika usafi.

Bunduki zitapigwa. Sajini anasema ni mara tatu, risasi baridi, hazimuumizi mtu. Hao watoto wadogo unaowaulizia huzipenda kuliko keki.

Ile ya kifaru niliisimulia Jumapili, tumekaa kwenye benchi la nje, na sajini alikuwa anasikia. Hakunicheka. Wenzangu walipoondoka akaniambia polepole kwamba baba alikuwa dereva wa gari la maji, na aliuawa akiwapelekea watu maji. Akasema baba alikuwa anaimba vibaya sana njia nzima, mpaka wenzake wakimsikia kwa mbali walikimbilia gari, ndoo mkono mmoja na kidole sikioni.

Baba mdogo, kwa nini hilo hukuniambia? Mashujaa wamejaa huku, kila kitanda kina wake. Dereva anayeimba vibaya ninaye mimi peke yangu.

Uongo wako naupenda, usidhani. Nikiwa mdogo ndio ulionilaza. Lakini siku hiyo simhitaji jenerali. Nataka mtu aliyekula sahani moja na baba asimame kushoto kwangu jina likisomwa, nisiwe peke yangu ninayelisikia. Sajini ni mtu mwema, ila kwake baba ni mwenzake wa kazini. Utakuja au hutakuja? Neno moja linatosha.

Mwanao,
Bisibisi


Bwenini, 29 Aprili

Shikamoo baba mdogo,

Natumaini wote nyumbani hawajambo. Mimi sijambo.

Nimelingoja hilo neno moja. Leo matroni amepitisha karatasi na nimeandika jina la sajini. Usijisumbue na safari. Nisalimie mama na bibi.

Mtoto wa kaka yako


Gerejini, 7 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni. Usingizi haukai, nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Jana nimenyoosha mlango uliokuwa umenyooka, mwenye gari akaniangalia kama anayetafuta nambari ya hospitali.

Usifikiri sikukujibu. Nimekujibu mara nyingi, ila sikutuma. Niliandika kwamba daraja limekatika. Halikukatika. Nikaandika nina jipu mahali pasipoonyeshwa. Sina jipu. Nikaanza moja ya mamba, nzuri sana, ila nilipofika katikati nikakumbuka huku hatuna mto.

Halafu Jumamosi sajini wako akaja hapa gereji. Akaegesha, akasema mlango wa dereva una kasoro. Nikaupapasa wote, laini kama shavu la mtoto. Nikamwambia utachukua siku mbili. Akasema sawa. Tukabaki tunautazama huo mlango mzima, watu wazima wawili. Mwishowe akasema, "Jina langu ameliandika kwa penseli." Akaingia garini akaondoka, hata kwaheri hakuniachia.

Sasa sikiliza, na ukishasoma ichane. Nyumbani wanasema siku ya mazishi ya baba yako nilizimia kwa uchungu. Nimewaacha waseme, tena nikaongeza kwamba walihitajika askari sita kuninyanyua. Alihitajika mmoja. Sikuzimia. Bunduki zilipolia mara ya kwanza nilijikuta chini ya kiti, viganja masikioni, na juu ya kiti hicho bibi yako amekaa. Aliyenivuta kwa mkanda ni huyu sajini. Kumbe hajamwambia mtu, hata wewe, na mimi miaka yote hii nimemchukia kwa kujua. Bibi yako naye anajua, anangoja nimuudhi vya kutosha.

Utasema, mtu gani huyu, anagonga mabati kutwa. Nyundo najua itashuka lini, kwa sababu naishusha mimi. Bunduki ikilia, ni kama ndiyo kwanza wanabisha hodi kuniambia habari za kaka. Mwaka juzi hapakuwa na nyuki. Mwaka jana gari la mkubwa lilikuwepo, ila lilikuwa na mkwaruzo tu, ningeweza kuliacha likakwaruzika mpaka Jumatatu.

Tafuta kifutio uende kwa matroni. Neno moja ulilotaka ni hili: nakuja. Suti haipo, haijawahi kuwepo, ila kuna shati na nitalipiga pasi. Sajini mwombe asikae mbali, asimame nyuma yetu. Sitamwita tena wa soksi, angalau akiwa karibu.

Nitasimama kushoto kwako. Jina la baba yako tutalisikia wawili, na kweli alikuwa anaimba vibaya, nililala naye chumba kimoja, nitakuambia wimbo gani. Kisha bunduki zikianza, nipe mkono, mwanangu, na usiniachie mpaka ya tatu iishe. Watu watadhani ni mimi ninayekushika wewe. Waache wadhani hivyo hivyo.

Baba yako mdogo