Bakuli Lililobanduliwa Kaburini

Mama yangu, shikamoo. Miguu bado inakusumbua? Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia. Nimekuandikia kwa mkono maana simu unayotumia ni ya Shabani, na sitaki mdogo wangu ayasikie haya kabla yako. Anayekuletea barua ni Bi Rehema, jirani yangu hapa Manassas, Marekani. Akusomee yeye mwenyewe.

Yule mzee wa Kizungu ninayemuuguza ana kabati la vioo lililojaa vyungu vya kale vya nchi ya Peru, vimechorwa ndege, samaki na nyuso za watu, rangi utadhani za jana. Nilivipenda mno. Nikavipiga picha, nikamrushia Shabani: "Ona, vitu vya kale huku ni mali!" Mdomo wangu huu, Mama!

Mwezi uliopita nilikuwa nafuta vumbi, kimoja kikalia ndani. Nikakiinamisha, likadondoka jino la mtoto kiganjani. Mzee akacheka. "Kilikuwa kaburini, kichwani pa huyo mtoto," akasema. "Nilikifukua mwenyewe, ujanani." Wallahi nilikaa chini.

Sasa hacheki tena. Asubuhi nikimlisha uji, macho yake yako kabatini, ananiuliza, "Yule mtoto amekula?" Daktari anasema ni uzee. Juzi jino lake lilitoka akitafuna mkate, akanisihi nikaliweke mle chunguni, "Pengine ataridhika." Nililiweka, Mama. Niliogopa kukataa.

Jana Shabani kanitumia picha. Bakuli la kaure lenye maua ya buluu, liko kitandani kwake juu ya gazeti, chokaa ingali imeganda ukingoni. Ni lile la ukutani mwa kaburi la mababu, ulilokuwa ukilifuta kwa ncha ya kanga kila tukienda kuwasomea Yasini. Pembeni yake mkewe amekaa, na mimba yake ya miezi minane, anatabasamu. "Dada, nitafutie mteja." Nampigia tangu jana, hapokei.

Mama, bakuli hilo lisivuke kizingiti chako. Mwite fundi Omari alirudishe mahali pake, shehe asome dua. Aliyebandua ni Shabani, aliyemtia tamaa ni mimi. Nisamehe.

Nisalimie shangazi na watoto wake, na mjomba Athumani. Wifi yangu na mimba yake akalale kwako siku hiyo hiyo utakayosomewa barua, asingoje kufunga mizigo. Shabani simsalimii. Mwambie dada yake analia.

Mwanao,
Mwanahamisi