Usije Kabla ya Harusi

4 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini maumivu ya mgongo yamepungua, na mdogo wangu anaendelea na maandalizi ya harusi. Mimi kidonda cha upasuaji wa titi kimefunga, na wiki hii wameanza kunipiga mionzi ya saratani. Haiumi. Unalala kwenye meza baridi, mtaalamu anatoka mbio na kufunga mlango, mashine inanguruma, basi, unaambiwa vaa. Nikamtania, "Kama ni kitu kizuri, mbona unakimbia?"

Bado nasuka nywele saluni, ila mkono haupandi juu. Nikimaliza mionzi nije nipumzike kwako?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Usije kabla ya harusi. Wakwe ni wachunguzi. Wakikuona hivyo watasema ugonjwa uko kwenye damu, wamwache mdogo wako. Wewe uliolewa ukaachika, huna cha kupoteza. Na acha kujilegeza. Mimi nilizaa asubuhi, jioni nikateka maji.

Mama yako

2 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo je?

Nimechelewa kujibu. Usingizi ndio uliotangulia kuondoka. Ukafuata uchovu ambao hata ukilala hautoki. Kunyanyua kikombe ni kazi. Chakula kikanikinaisha. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi, kwapani ikachubuka. Halafu machozi, hivi hivi tu, mbele ya mteja.

Nikamwambia daktari, "Nimepata magonjwa matano."

Akasema, "Hapana, dalili hizi zimeshikana mikono. Ngozi ikiuma hulali, usipolala unachoka, ukichoka moyo unazama, na moyo ukizama maumivu yanazidi. Tukiivuta moja, nyingine zitalegea."

Akanipa dawa ya kupaka. Akauliza, "Nyumbani nani anakusaidia kupaka?"

Njoo wewe basi, Mama, japo kidogo. Sitatoka nje mtu akaniona.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu, pole.

Natokaje na harusi iko mlangoni? Kupaka dawa nako kunataka mama? Mwombe jirani.

Wakwe waliuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Usinune, ni maneno ya mdomoni tu.

Mama yako

27 Aprili

Mwanangu, hujambo?

Mbona kimya? Harusi ilifana, watu walikula wakasaza. Sasa unaweza kuja, ila upitie mlango wa nyuma, mama mkwe wa mdogo wako hajaondoka. Mdogo wako mwenyewe anataka kusukwa. Anasema hajapata mkono kama wako.

Mama yako

20 Mei

Mama, shikamoo.

Mionzi imekwisha. Mwenzangu wa saluni ndiye aliyenipaka dawa, huku akinifokea, "Tulia, kuku wewe!" Ngozi ilipopoa nikalala, nilipolala nikala. Dalili zilikuja pamoja, zikaanza kuondoka pamoja. Uchovu bado unajikokota.

Huzuni tu ndiyo iliyogoma. Nilimuuliza daktari inatoka lini. Akaniuliza kama kuna mtu ninayemsubiri.

Alikuwa sahihi. Kila mlango ulipogongwa nilijifunika shuka upesi, nikidhani ni wewe, nisije nikakutisha. Siku moja mlango ukagongwa, nikaendelea kupakwa dawa bila kujifunika.

Wakwe usiwabadilishie hesabu. Mdogo wangu atafute msusi mwingine. Wasalimie wote wanaojua kwamba nipo.

Msusi