Ndiyo Iliyochelewa

Jumanne, 18 Juni

Muswada umepita. Dagaa hawatavuliwa tena karibu na visiwa. Kisiwa cha Rukuba, anakovua Paschal, ndiyo basi. Nimekaa studio hapa redioni nimeshika kichwa — sijui nimpigie Paschal au nisubiri anipigie mwenyewe. Mdogo wangu hana shamba, hana ng'ombe. Ana mtumbwi, taa za dagaa, na mke anayeanika.

Na Ijumaa nina kipindi. Kazi yake moja: kuwaambia watu mbunge wao alisema ndiyo au alisema siyo. Mbunge wetu ni Clementi. Shemeji yangu! Kaka wa Evance mume wangu, na Evance ndiye dereva wake wa huku jimboni. Hata hii nyumba tunayokaa Nyasho ni ya Clementi. Haya Lukresia, jieleze.

Kwenye kampeni alisimama Rukuba juu ya kreti, akawaambia wavuvi siku akiitikia ndiyo kwenye jambo hili wasimpe hata maji. Paschal alishangilia mpaka sauti ikakauka.

Jumatano, 19 Juni

Nimetafuta majina. Hakuna. Safari hii hawakuitwa mmoja mmoja, walipiga kura kwa sauti. Wanaoafiki waseme ndiyo, wakasema. Wasioafiki waseme siyo, wakasema. Waliosema ndiyo wameshinda. Nani kasema nini, haiandikwi popote. Nilimshukuru Mungu. Nasema kweli, nilishukuru.

Jioni klipu ikaingia kwenye grupu. Kamera iko kwa Spika tu. Ndiyo kubwa, ukumbi mzima. Kimya. Halafu ndiyo nyingine — moja, nzito, peke yake, nyuma ya wenzake.

Evance akacheka. "Amina ya kaka hiyo." Kisha akaacha kucheka.

Niliimba kwaya na Clementi Butiama kabla sijaolewa. Yeye besi. Kila wimbo alikuwaga anafika wa mwisho. Padri alikuwaga anasubiri Amina ya Clementi ndipo afunge kitabu, na kanisa zima linajikaza lisicheke.

Nikamuuliza Evance amesikia nini. Hajasikia kitu, anasema. Akaenda kuosha gari ambalo ni safi.

Ijumaa, 21 Juni

Bosi wangu Bernado kaniita kabla ya kipindi. Anasema kura ya sauti haina ushahidi, niseme haijulikani, na kwamba huo si uongo. Ananijua nimeolewa wapi. Hakunitazama usoni.

Nikasema hewani: haijulikani.

Nicolaus wa Makoko akapiga simu, yeye hapitwi na kipindi. Eti ile ndiyo ya mwisho ni ya nani, maana huyo mheshimiwa alikuwa amesinzia. Studio nzima wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikacheka!

Baadaye akapiga Paschal. "Dada, kama ungejua ungesema. Basi si yeye." Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii. Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatatu, 24 Juni

Wabunge wa majimbo mengine nilikuwaga nawasoma hewani kwa raha zangu, nani kaitikia, nani kakwepa, tena kwa madoido. Mkuki kwa nguruwe.

Nikisema, Evance hana kazi, na sisi tunatafuta pa kulala. Mama mkwe atauliza nililelewa na nani. Nikinyamaza — huko Rukuba Paschal anagombana na wenzake kwa ajili ya Clementi. Juzi kidogo apigwe. Anawaambia dada yake yuko redio, dada yake hawezi kuficha.

Mchana Clementi kapiga mwenyewe kutoka Dodoma. "Shemeji, asante kwa kipindi. Una busara wewe." Afadhali angenitukana. Asante ile imenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Alhamisi, 27 Juni

Mama mkwe ana misa ya shukrani Jumapili, Butiama. Clementi atakuwepo. Na Paschal kaalikwa. Mama mkwe kampigia mwenyewe, anampenda. Nimemwambia Paschal asijisumbue, njia ndefu. Kanijibu anataka kumshukuru mheshimiwa ana kwa ana.

Sina pa kukimbilia.

Jumapili, 30 Juni

Naandika chumbani kwa mama mkwe. Nimesingizia kichwa.

Paschal alifika na mfuko wa dagaa, wakavu, wazuri, wa mwisho mwisho hao. Akampa Clementi kwa mikono miwili. Akasema, "Mheshimiwa, watu wanasema mengi, ila sisi tunajua ulikataa kwa ajili yetu." Clementi akaupokea. Akamshika bega. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mimi nilikuwa nagawa sahani, nikagawa mpaka kwa waliokuwa nazo tayari.

Mama mkwe akasimama kuombea chakula. Baraka kwa watoto, baraka kwa ng'ombe, baraka kwa Bunge. Tukaitikia Amina wote.

Kimya.

Halafu kutoka kwenye kile kiti kikubwa: "Amina." Nzito. Peke yake.

Watu wakacheka kama wanavyochekaga siku zote. Mama mkwe akasema huyu tangu utoto anachelewaga, hata kuzaliwa alichelewa. Clementi mwenyewe alicheka.

Paschal hakucheka. Aliweka tonge lake kwenye sahani. Kila mtu Rukuba ana ile klipu, wameisikiliza mpaka wameikariri. Nikaona sauti inamwingia. Nilidhani atamgeukia Clementi.

Akanigeukia mimi.

Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia humu. Sasa yuko mlangoni. Namsikia Evance anamwambia, shemeji, mwache dada yako apumzike. Hajaondoka. Anagonga polepole, kama mtu anayegonga kwa mgonjwa.

"Dada. Ulijua?"

Mtu kawaambia watoto watulie. Vijiko vimenyamaza. Huko nje wote kimya, na anayesubiriwa ni mimi.