Taya la Kiboko

Jumatatu, 8 Julai
Chekeche tangu asubuhi, tunatafuta mifupa ya kale. Udongo wa kilima hiki mweupe, unaganda puani. Kama chaki. Shule niliishia darasa la tano, ila chaki naijua. Profesa anayeongoza uchimbaji anasema zamani sana Ziwa Eyasi lilifika hapa, kilima chote kilikuwa tope chini ya maji. Sasa maji yako mbali. Ndege heroe wanaonekana kama uzi wa waridi. Magoti yanauma.

Jumanne, 9 Julai
Nimeona jino. Mimi, si mwingine. Ni taya la kiboko, limelala ndani ya ukuta wa shimo. Sheria ya kambi: anayeona mfupa ndiye anayeutoa mpaka mwisho. Msimu mzima nimebeba ndoo za wenzangu. Tluway, mchimbaji mwenzangu wa Mbulu, kanicheka: "Mnyaturu, unaupapasa huo mfupa kama mchumba!"

Jumatano, 10 Julai
Nilipanda kileleni kutafuta mtandao. Dada Zaituni akapiga kutoka Singida. Mama hajala tangu Jumapili.
"Njoo, mdogo wangu. Anakuulizia."
Nikamwambia keshokutwa.
Taya likiachwa wazi linapasuka, hilo kweli. Lakini Tluway angeweza kulimaliza. Sikutaka kumwachia.

Alhamisi, 11 Julai
Brashi kutwa nzima. Nyayo za fisi kando ya shimo, hakugusa kitu. Profesa kasema nina mkono mwepesi. Nilifurahi. Naandika nisije nikajidanganya baadaye: nilifurahi.

Ijumaa, 12 Julai
Taya limetoka zima, tumelifunga kwa plasta lisivunjike njiani. Watu wakapiga makofi. Jioni nikapanda kumwambia Dada kwamba kesho naondoka.
"Huna haja ya kuharakisha tena," akasema. "Amefariki alfajiri. Tumeshamzika, baada ya swala ya Ijumaa."
Nikakaa chini palepale. Tluway akanifuata, akakaa. "Pole, ndugu yangu." Leo hakutania.
Najichukia.

Jumapili, 14 Julai
Nilifika Singida jana jioni. Asubuhi tumekwenda kaburini, mimi na Dada. Udongo bado mbichi. Nilianza dua, nikashindwa kuimaliza. Nikamuuliza kama Mama alinitaja mwishoni.
Dada alikuwa anaokota majani makavu juu ya kaburi. Hakuniangalia.
"Jumatano alikuulizia mara mbili. Alhamisi nikamwambia unakuja kesho. Hakuuliza tena."
Tukarudi nyumbani. Akanipakulia uji. Nimeunywa wote.